Shingo za wateja wangu: uzoefu wa kinyozi na vipele vya ndevu

Mteja akishakaa, kabla sijamfunga kitambaa, namwomba ainue kidevu niione shingo. Usoni mtu anaweza kupaka mafuta akapendeza, lakini shingo haifichi kitu. Kwa wanaume wengi wanaokuja kwangu hapa Mbagala, Dar es Salaam, naikuta na vipele vidogo vigumu vyeusi, vimejipanga kuanzia chini ya taya hadi karibu na koromeo. Vingine vimetunga usaha, vingine vimekauka na kuacha doa. Nikimaliza kutazama shingo natazama mdomo wa juu, na mara nyingi kwenye sharubu pako safi kabisa. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza maswali. Mtu amenyolewa kwa mashine ileile, mkono uleule, dakika zilezile. Kama vipele vinaletwa na wadudu wa kwenye mashine, kwa nini wadudu hao waruke sharubu?

Lawama ya mashine chafu ndiyo ninayoisikia kila wiki. "Fundi, mimi mashine za saluni zinanikataa." Anahama Mbagala anakwenda Kariakoo, akitoka Kariakoo anajaribu Sinza, na vipele anahama navyo. Wengine wameamua kununua mashine zao, wanakuja nazo kwenye begi, wananikabidhi na kusimamia mpaka nimalize. Baada ya siku mbili tatu wananipigia simu kwamba vipele vimerudi palepale. Hapo mtu hujiona ana laana ya ngozi, anakata tamaa na kuanza kupaka kila anachoambiwa na jirani. Nimeandika haya kwa ajili ya watu hao, kwa sababu tatizo lao linaeleweka vizuri na kwa sehemu kubwa linazuilika, na inaniuma kuona kijana anaiharibu ngozi yake akipambana na adui asiyekuwepo.

Unywele wetu wa kipilipili hauoti wima. Tundu linalouotesha limepinda chini ya ngozi, na wenyewe ukiukata katikati utaona si duara kamili, ni bapa kidogo, ndiyo maana ukitoka nje unajikunja. Ukiwa mrefu haumdhuru mtu. Wembe ukiukata karibu na ngozi unaacha ncha ya mshazari, kali kama mwanzi uliokatwa kwa panga. Ndevu hukua karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, au zaidi kidogo. Kwa hiyo baada ya siku moja au mbili ncha ile imeshatoka nje, imeinama, na inachoma ngozi milimita moja au mbili kutoka pale ilipotokea. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ndiyo inayowatesa wanaopenda kunyoa mpaka ngozi ing'ae. Ukivuta ngozi ukanyoa, au ukitumia kinyoleo chenye nyembe mbili tatu, wembe wa kwanza unauinua unywele na wa pili unaukata, kisha kisiki kinarudi chini ya usawa wa ngozi. Kikianza kukua, hakifiki nje. Kinatoboa ukuta wa tundu lake kikiwa ndani.

Mwili hauutambui unywele huo kuwa ni wake. Unauchukulia kuwa kitu kigeni, kama unavyouchukulia mwiba: panavimba, panawasha, panajaa usaha. Bakteria wanaweza kuja baadaye, hasa mtu akikuna kwa kucha, lakini si wao walioanzisha. Ndiyo maana unaweza kuchemsha mashine, kubadilisha wembe, kujimwagia spiriti mpaka machozi yakutoke, na vipele vikaja vilevile. Hali hii madaktari wanaiita sudofolikulitisi, na vitabu vya magonjwa ya ngozi vinasema inawapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa ndevu. Mengi yanayojulikana kuhusu hali hii yalitokana na kuwachunguza wanajeshi weusi wa Marekani, watu ambao jeshi liliwadai wawe na kidevu safi kila asubuhi. Mzungu au Mwarabu mwenye nywele za kujikunja anaipata pia. Mtu yeyote mwenye ndevu zilizonyooka yuko salama zaidi, hata akiwa mchafu namna gani.

Mteja aliyenifundisha zaidi ni mlinzi mmoja, mtu mzima, namwita mzee wangu kwa heshima. Kazini kwao walikuwa wanakaguliwa kila wanapoingia zamu, na ndevu za siku mbili zilikuwa kosa. Alikuwa ananyoa kila jioni kwa wembe, kutoka chini kwenda juu, halafu anarudia kinyume ili akipitisha mkono asisikie kitu. Alipokuja kwangu shingo ilikuwa imeota matuta, na baadhi ya matuta yalikuwa yanatoka damu kila anapoyapitia. Kola ya sare ilikuwa na madoa ya kahawia kwa ndani. Alikuwa ameshatumia tyubu za kila namna kutoka duka la dawa. Nilimwambia sitaweka wembe kwenye shingo ile, na kwamba kabla ya kinyozi anamhitaji daktari wa ngozi.

Alikwenda hospitali ya mkoa, akarudi na maelekezo ambayo kila siku naona mantiki yake. La kwanza lilikuwa kuacha kunyoa kabisa kwa mwezi mmoja, na zaidi ya hapo kama vipele vingekuwa havijatulia. Si kupunguza kunyoa, ni kuacha. Daktari akaandika barua fupi kwa mwajiri kueleza kwamba mtu huyu ana ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kunyoa. Msimamizi wake akakubali ndevu fupi zilizochongwa vizuri. Hilo la barua wengi hawalijui, na ningependa kila mlinzi, askari na mfanyakazi wa hoteli mwenye shida hii alijue. Ni haki ya mgonjwa kumwomba daktari aandike kile anachokiona.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Ndevu zilizokuwa ndani zinaendelea kukua, zinazidi kuchoma, na shingo inawasha usiku na mchana. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, wanachukua wembe wakidhani wamekosea njia. Mzee wangu alivumilia kwa kuweka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwa kama dakika kumi, asubuhi na jioni, na krimu nyepesi ya kutuliza muwasho aliyopewa kwa siku chache tu. Baadaye kidogo, ndevu zilipofika urefu wa karibu sentimita moja, nyingi zilijichomoa zenyewe. Urefu huo unaupa unywele nguvu ya kujikunjua, ncha inatoka ilikochoma.

Zile chache zilizobaki niliziona kwa taa na kioo cha kukuzia. Ukitazama kwa karibu unaona uzi mweusi umelala chini ya ngozi nyembamba, ncha moja imetokea na nyingine imezama, umetengeneza kitanzi. Daktari alikuwa amemwelekeza cha kufanya. Ngozi ilainishwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kisha sindano iliyosafishwa ipitishwe chini ya kitanzi bila kuchimba, uinuliwe mpaka ncha iliyozama ichomoke. Basi, hapohapo unaacha. Kuna kitanzi kimoja chini ya taya nilichokiinua, kikatoka unywele mrefu kuliko nilivyotarajia, umejiviringa na umefunikwa utando mweupe wa ngozi iliyokufa. Mzee akavuta pumzi, akasema kuwasha kumekatika hapohapo.

Kishawishi ni kuung'oa kwa kibano. Usiung'oe. Unywele uliong'olewa unaota upya kutoka chini kabisa, na kwa kuwa njia yake imepinda na imeshavimba, unaweza kutoboa ukuta wa tundu kabla haujafika nje, ukawa umejitengenezea kipele kingine cha wiki zijazo. Kukamua nako ni hivyohivyo. Unausukuma unywele chini zaidi na kuacha kovu. Kama huoni kitanzi, usichimbe kukitafuta.

Kutokana na hayo, namna ninavyonyoa ndevu imejengwa juu ya jambo moja: sikati mpaka kwenye ngozi. Nabakiza angalau milimita moja. Kichana namba moja cha mashine huacha kama milimita tatu, na nusu yake huacha milimita moja na nusu. Kwa mtu mwenye vipele hizo ndizo namba zangu. Kuna mafundi hulegeza skrubu za mashine na kusogeza meno ya juu yalingane na ya chini, ili ikate mpaka ibaki ngozi tupu. Laini inatoka kali na picha inapendeza, lakini kwa mwenye ndevu za kipilipili ile ni sawa na kunyolewa kwa wembe. Nikimweleza mteja kwamba namwachia kivuli cha ndevu, wengine wananuna. "Sasa fundi nimekulipa ya nini?" Namwonyesha kwa kioo vipele vyake, namwambia hebu tujaribu hivi mara chache, kisha aamue mwenyewe. Kidevu chenye kivuli sawasawa kinapendeza kuliko kidevu kitupu chenye matuta, na sioni haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Kabla ya kunyoa napapasa ndevu kwa ncha za vidole kujua zinalalia wapi. Kwenye mashavu kwa kawaida zinashuka. Shingoni ni hadithi nyingine: kwa watu wengi zinapanda kwenda juu, pembeni zinakwenda ubavuni, na kuna sehemu zinazunguka. Mtu anayenyoa shingo yote kwa kushusha, akiamini ndio mwelekeo sahihi, anaweza kuwa ananyoa kinyume bila kujua. Mkono ukiteleza bila kukwama, hapo unafuata zinavyolala. Ukisikia msasa, umekwenda kinyume.

Wapo wanaolazimika kutumia wembe nyumbani, na siwezi kuwaambia waache kazi zao. Hao nawaeleza kwa utaratibu. Usinyoe uso mkavu. Oga kwanza, au weka taulo lenye maji ya moto unayoyaweza kwa dakika tano, kwa sababu unywele uliolowa unalainika na ukikatwa ncha yake haiwi kali sana. Paka povu au jeli ya kunyolea, iache ikae kidogo. Sabuni ya kufulia inakausha ngozi, iache. Tumia wembe mmoja, si kinyoleo cha nyembe tano, na uwe mpya au karibu mpya, kwa sababu wembe butu unakulazimisha kukandamiza na kurudia. Usivute ngozi kwa mkono wa pili. Pitisha mara moja kufuata zinavyolala, suuza wembe, songa mbele. Ukiona vimebaki vinywele, viache. Malizia kwa maji baridi na mafuta mepesi yasiyo na manukato. Kama kazini wanaruhusu, ruka siku.

Kuhusu spiriti nina ugomvi wa muda mrefu na wenzangu. Mteja anaamini kwamba isipouma haifanyi kazi, na sisi tumemzoesha hivyo. Spiriti kwenye ngozi iliyochubuka inaunguza na kukausha, na ngozi iliyokauka inakuwa ngumu kwa unywele kutokea. Jiwe la shabu linakaza ngozi na kuzuia damu pale wembe ulipokata, hiyo ni kweli, lakini haliutoi unywele ulioko ndani, na jiwe moja kupitishwa kwa wateja kumi ni hatari. Skrabu pia. Akina dada wanaofanya skrabu kwenye saluni zetu wana mikono mizuri, ila chembe zile ngumu juu ya vipele vilivyovimba zinavichana. Shingo ikiwa imetulia, kuisugua polepole kwa taulo laini la mvua, kwa kuzungusha, kunasaidia kulegeza ncha zinazotaka kuzama. Ikiwa imevimba, iachwe.

Nisieleweke vibaya kuhusu usafi. Nilisema uchafu hauanzishi vipele hivi. Sikusema mashine chafu haina madhara. Mapunye yanasambaa kwa mashine. Majipu yanasambaa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza, na damu ya kwenye wembe haihitaji kuonekana kwa macho. Kwangu kila mteja wembe wake unafunguliwa mbele yake na kutupwa mbele yake, na meno ya mashine yanapigwa brashi, kufutwa na kuwekwa dawa kabla ya mwingine kukaa. Mteja ana haki ya kudai hayo, awe na vipele au asiwe navyo.

Kuna poda ya kunyolea, ile unayoikoroga na maji na kuipaka ikiwa uji mzito, yenye harufu ya yai viza. Inafanya kazi, na kwa baadhi ya watu ndiyo iliyowaokoa, maana haiukati unywele, inauyeyusha, na ncha inayobaki ni butu, haina makali ya kuchoma. Lakini kemikali inayoyeyusha unywele haibagui, inaila na ngozi. Nimemwona kijana aliyeiacha usoni huku anaongea na simu, akatoka na mashavu mekundu yaliyochubuka, na kwa wiki kadhaa akawa na mabaka meusi makubwa kuliko vipele alivyokuwa akivikimbia. Soma dakika zilizoandikwa kwenye kopo, mara nyingi ni kama tatu hadi tano, na weka saa mbele yako. Jaribu kwanza kidogo mkononi na usubiri hadi kesho yake. Usipake penye kidonda. Iondoe kwa kitambaa na maji mengi, na usirudie kabla ya siku tatu kupita.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Kipele kikipona kinaacha doa jeusi, na mwanaume au mwanamke mwenye madoa shingoni anatafuta cha kuyaondoa. Anauziwa mkorogo. Au anapewa tyubu yenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, na anaambiwa apake asubuhi na jioni. Siku za mwanzo mambo ni mazuri, uvimbe unashuka na ngozi inang'aa. Ni steroidi inayofanya kazi hiyo. Akiendelea kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa ya damu inaonekana, vinaota vipele vya aina nyingine, na akiacha tu vyote vinalipuka kwa pamoja, kwa hiyo anarudia kupaka. Wapo wateja ambao ngozi ya shingo yao inachanika kwa kitambaa tu. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu, na bado vinauzwa kwa kificho. Doa la kipele linafifia lenyewe chanzo kikiondoka. Linachukua miezi, ndiyo, lakini linakwenda. Huwezi kufuta doa huku kila baada ya siku mbili unatengeneza jipya kwa wembe.

Dawa za kweli zipo na hazina miujiza. Asidi ya salisiliki inalainisha ngozi iliyokufa ili unywele upate njia. Adapalini na tretinoini, ambazo hupakwa usiku, zinafanya kazi ya namna hiyo kwa nguvu zaidi, zinawasha mwanzoni, na mjamzito asizitumie. Benzoili peroksaidi inasaidia penye usaha, wakati mwingine pamoja na antibayotiki ya kupaka. Daktari yule aliyemtibu mzee wangu alimsimulia kitu kilichonishangaza: eflonithini, dawa iliyotumika kutibu malale, ugonjwa wa mbung'o tunaoufahamu sisi, ilikuja kutengenezwa krimu ya kupunguza kasi ya kuota nywele usoni, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2000. Leza, yaani mwanga mkali unaoelekezwa kwenye ngozi, nayo ipo, na kwa mtu anayeteseka sana ndiyo inayokaribia kumaliza kabisa, kwa sababu inaua mzizi wa unywele. Inahitaji kurudiwa mara kadhaa na ni ghali. Ukifikia huko, uliza mashine gani itatumika. Kwa ngozi nyeusi inayofaa zaidi ni ile ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kwa kuwa inapenya chini ya weusi wa ngozi bila kuuunguza sana. Nyingine zinaweza kukuachia mabaka.

Kisogo nakiweka peke yake kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi. Vipele vinavyoota nyuma ya kichwa, pale laini ya nywele inapoishia, vinaweza kugeuka makovu yanayovimba, yakaungana yakawa bonge gumu lisiloota nywele tena. Nimenyoa watu wazima wenye bonge la hivyo la ukubwa wa kidole gumba, na wote husema vilianza vipele viwili vitatu walivyovidharau. Nikiona dalili hiyo kwa kijana sipitishi wembe wala mashine tupu kisogoni, naacha nywele zififie zenyewe kwa kichana, na ninamwambia kola ngumu na kofia inayosugua viondoke. Kisha ninamsihi aende hospitali mapema, wakati bado kuna dawa za kupaka au sindano za kupunguza kovu. Kukata kovu la namna hiyo bila mpango kunaweza kulirudisha likiwa kubwa zaidi. Watu hudhani daktari wa ngozi ni wa matajiri wa mjini. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na waliosoma pale wametawanyika kwenye hospitali za mikoa, ndani na nje ya Tanzania. Uliza kwenye hospitali yako siku ya kliniki ya ngozi.

Akina mama na dada huniuliza pia, kwa kupitia waume zao au kwa meseji, maana wanaona haya. Shemeji yangu alikuwa anasumbuliwa na vipele vya kwapani na sehemu za siri mpaka akawa anatembea kwa shida. Sababu ni ileile: nywele za kujikunja, wembe wa karibu, na juu yake nguo ya nailoni inayobana na jasho la Dar. Yeye ni mtu wa dini na alidhani ni lazima anyoe kila wiki. Nilimkumbusha alichokwisha kukisoma madrasa, kwamba mafundisho yameweka ukomo wa siku 40 na si amri ya kila Ijumaa. Sasa anapunguza kwa mkasi mdogo au mashine yenye kichana, yake peke yake, anavaa nguo za pamba, na vipele vimetulia. Shira ya sukari na ndimu wanayotumia mabibi harusi inang'oa na mzizi, ngozi inabaki nyororo kwa muda, ila kwa mwenye nywele za kipilipili zile zinazoota upya zinaweza kunasa ndani. Akumbuke ngozi yake ilivyokuwa baada ya mara ya mwisho kabla hajarudia.

Si kila kipele cha ndevu ni hiki. Hivi vyetu huja siku moja au mbili baada ya kunyoa na hupungua mtu akiacha. Ukiona mduara unaopanuka na magamba na nywele zinazokatika, hayo huenda ni mapunye. Vipele vikija pia kifuani na mgongoni, mahali usiponyoa, tafuta sababu nyingine. Ukipata homa, au uvimbe wa moto unaosambaa haraka, au una kisukari na vidonda havifungi, usikae kusubiri ndevu zikue. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wanaonipa moyo ni vijana wa sekondari wanaoletwa na baba zao kwa ajili ya ndevu za kwanza, shule imewaambia wanyoe. Baba keshamnunulia pakiti ya nyembe kwa nia njema. Namwomba abadilishe, anunue mashine ndogo ya kupunguza, itamtosha mwanafunzi kuonekana nadhifu. Ndevu za umri ule ni chache na laini. Miaka inavyokwenda zitakuwa nene na ngumu, na mazoea ya mkono ndiyo yatakayobaki. Kijana namkalisha, namshikisha vidole vyake mwenyewe shingoni, ajue zake zinalalia upande gani kabla hatujawasha mashine.